Uzi: Kikambala 2002, Nairobi 1998, na swali la nani hasa anafaa kulipa

Wakili_Tononoka (mwenye uzi)

Assalaam alaikum, na habari zenu wengine wote. Kila Novemba mjadala huu hurudi hapa jukwaani na kila mara huishia kwa matusi, kwa hivyo nimeona niufungulie uzi wake. Swali ni lile lile: waathiriwa wa mlipuko wa 1998 kwenye ubalozi wa Marekani Nairobi walisikia Sudan ikitoa mamilioni ya dola, mbona wa Kikambala hawakuona hata ndururu? Wengine husema Somalia itulipe. Wengine Yemen. Kuna aliyetaja Umoja wa Mataifa, sijui kwa hesabu ipi.

Kazi yangu ya kila siku ni mashamba na mirathi, ndugu kushtakiana kwa minazi ya marehemu. Lakini sheria ya kimataifa niliisoma na bado haijanitoka. Nitaandika kidogo kidogo, mwenye swali aulize papo hapo.

Kwa vijana ambao 2002 walikuwa bado hawajazaliwa: Alhamisi ya 28 Novemba, asubuhi, watalii kutoka Israel walikuwa wametua Moi International na kufikishwa Paradise Hotel, Kikambala. Wapo mapokezi, mizigo haijapanda vyumbani, wacheza ngoma wa hapo hapo mtaani wanawaimbia. Pajero ikavunja kizuizi, ikaingia hadi mlangoni, ikalipuka. Walikufa Wakenya 10 na Waisraeli 3, mbali na walipuaji wenyewe. Karibu wakati huo huo, upande wa uwanja wa ndege, makombora mawili ya kurushwa begani yalifyatuliwa kwa ndege ya Arkia iliyokuwa ikipaa. Yakakosa, na abiria zaidi ya 250 wakafika Tel Aviv salama. Al-Qaeda ikadai kazi ni yake. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa baadaye waliandika kwamba makombora yale yalipitishwa Somalia yakitokea Yemen. Kesi ya mauaji iliyofunguliwa Nairobi iliisha 2005 kwa washtakiwa kuachiliwa.

Sasa angalieni: Al-Qaeda si nchi. Sheria hii hushughulika na nchi. Kanuni ya msingi ni kwamba nchi hujibu kwa matendo yake yenyewe, haijibu kwa kila jambo linalofanywa na raia wake wala na mtu aliyepita kwenye ardhi yake. Tume ya Sheria ya Kimataifa ya Umoja wa Mataifa ilizikusanya kanuni hizo katika vifungu 59 ilivyovikamilisha 2001. Kwa ugaidi vitatu ndivyo hutajwa kila siku. Cha 4: askari, jasusi, waziri, hawa ni nchi yenyewe. Cha 8: mtu wa kando aliyetenda kwa maagizo, uongozi au udhibiti wa nchi. Cha 11: nchi iliyokuja baadaye ikakikubali kitendo na kukifanya chake.

Ukishindwa kumwingiza mlipuaji katika kimojawapo cha hivyo, mlipuko wenyewe si wa nchi. Hilo halimaanishi nchi imetoka bila lawama. Tutafika.

BintiMtwapa

Shukran wakili. Kwani ni lazima nchi iwe imetoa amri? Kama imewapa nyumba, pasipoti na pesa haitoshi?

Wakili_Tononoka

Swali zuri dada, na jibu lake lilitoka The Hague mwaka 1986, kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Haki, ile inayoamua kesi za nchi kwa nchi. Nicaragua iliishtaki Marekani kwa ajili ya waasi wa Contra waliokuwa wakiipiga vita serikali yake. Marekani iliwalipa, iliwafunza, iliwapa silaha, hata walengwa iliwasaidia kuwachagua. Mahakama ikasema yote hayo hayatoshi kuufanya kila unyama wa Contra uwe wa Marekani. Ilibidi ithibitike kwamba Marekani ilikuwa na udhibiti halisi wa operesheni ile ile ambamo unyama ulitendeka.

Mwaka 1999 mahakama ya Umoja wa Mataifa ya uhalifu wa vita vya Yugoslavia, katika rufaa ya mshtakiwa Tadić, ikasema kipimo hicho ni kikali mno, udhibiti wa jumla juu ya kundi lililopangika kijeshi unatosha. Mahakama ya Kimataifa ya Haki haikukubali. Mwaka 2007, katika kesi ya Bosnia na Serbia, ikarudia kipimo chake cha zamani. Mimi nadhani Tadić ndiyo iliyoona mambo yanavyokwenda duniani, maana hakuna jasusi anayeandika barua ya kuagiza bomu. Lakini anayeamua si mimi.

Yakhe_wa_Kibokoni

Yaani yakhe, ukitoa bunduki huna kesi, ukitoa amri una kesi? Hiyo sheria waliitunga wenye bunduki.

Wakili_Tononoka

Una kesi, ila ni kesi nyingine. Watu wengi hupotelea hapo. Katika hukumu ile ile ya 1986 Marekani ilishindwa: kuwapa waasi silaha na mafunzo kulikuwa kosa lake yenyewe, kuvunja katazo la kutumia nguvu na la kuingilia mambo ya nchi nyingine. Hawakubebeshwa maiti zote za Contra, walibebeshwa mchango wao. Tofauti hiyo huonekana siku ya kuhesabu fidia.

Na kuhusu wenye bunduki, una hoja. Marekani ilijitoa katikati ya kesi, na hukumu ilipofika Baraza la Usalama ikapiga kura ya turufu.

Mwalimu_Kisauni

Niongeze kidogo, mimi ni mtu wa historia. Kuna mara nchi ilipatikana na mkono ndani ya chungu. Tarehe 10 Julai 1985 majasusi wa Ufaransa waliizamisha meli ya Rainbow Warrior bandarini Auckland, New Zealand. Mpigapicha mmoja akafa. Ufaransa ilikana, kisha ikakiri, na Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa akaamua walipe New Zealand dola milioni 7 na waombe radhi. Hicho ndicho kifungu cha 4, sivyo wakili? Ajabu ni kwamba ulimwengu haukuwahi kuiita Ufaransa nchi ya kigaidi.

Halafu Libya. Ndege ya Pan Am ililipuliwa juu ya Lockerbie 21 Desemba 1988, watu 270. Afisa mmoja wa Libya alihukumiwa 2001 na mahakama ya Uskoti iliyokaa Uholanzi. Vikwazo vilikuwa vimeibana Libya tangu 1992. Agosti 2003 Libya iliandikia Baraza la Usalama kwamba inakubali dhamana kwa vitendo vya maafisa wake, na ikaahidi dola bilioni 2.7, yaani milioni 10 kwa kila aliyekufa. Mwezi uliofuata vikwazo vikaondolewa.

Wakili_Tononoka

Ndiyo, cha 4 mwalimu, bila ubishi. Na barua ya Libya isomeni kwa makini. Haisemi "sisi tulilipua". Inasema tunakubali dhamana kwa vitendo vya maafisa wetu. Wakili aliyeiandika alistahili mshahara wake.

Kifungu cha 11 nacho kina mfano wake. Novemba 1979 wanafunzi waliuvamia ubalozi wa Marekani Tehran. Kwa siku za kwanza mahakama iliwaona kama raia tu, na kosa la Iran likawa kutoulinda ubalozi. Lakini Khomeini, kiongozi wa Iran, alipokibariki kitendo hadharani na serikali ikaamua mateka wabaki kama kishikizo, wateka nyara waligeuka kuwa watu wa nchi. Hukumu ni ya 1980. Kusifu peke yake hakutoshi. Wao walisifu na kuendeleza.

KahawaChungu

Hebu tuache wakubwa turudi kwetu. Mimi nina nyumba ya kupangisha huku Bamburi. Mpangaji akipika chang'aa chumbani, polisi wakija wananiuliza mimi kama nilijua. Nikijua na nikaendelea kula kodi, nalala ndani. Nchi nayo si hivyo hivyo?

Wakili_Tononoka

Ami, umeifupisha kesi ya mlango-bahari wa Corfu. Mwaka 1946 manowari za Uingereza ziligonga mabomu ya majini katika maji ya Albania, wakafa mabaharia 44. Haikuthibitika kwamba Albania ndiyo iliyoyatega. Mahakama ikasema 1949: Albania haikuweza kukosa kujua, na nchi haifai kuiacha ardhi yake kwa kujua itumike kuzidhuru haki za nchi nyingine. Albania ikaamriwa kulipa.

Huo ndio mlango wa pili na kwa ugaidi ndio mpana zaidi. Kosa hapa ni la nchi kukaa tu, ilhali inajua na inaweza kufanya kitu. Baada ya Septemba 2001 azimio 1373 la Baraza la Usalama likaikaza kamba: kila nchi izuie fedha za magaidi, isiwape maficho, iwashtaki.

Lakini shika maneno mawili, kujua na kuweza. Kuna kesi ya Afrika ambayo sisi Wakenya tunafaa kuijua kuliko Corfu, ile ya Kongo na Uganda. Uganda iliingia Kongo ikasema inajihami dhidi ya waasi wa ADF waliokuwa wakivuka mpaka kuja kuua. Desemba 2005 mahakama ikasema mashambulizi yale hayakuwa ya Kongo, hivyo Uganda haikuwa na haki ya kujihami dhidi ya Kongo kwa namna ile. Uganda ikajaribu mlango wa pili: Kongo iliwaacha waasi wakae. Mahakama ikaangalia milima ya mashariki ya Kongo, ikaangalia serikali ya Kinshasa ilivyokuwa haifiki huko, ikakataa kusema kwamba kutofanya kitu kulikuwa sawa na kuwavumilia waasi. Mwishowe Uganda ndiyo iliyoamriwa kulipa, dola milioni 325, hukumu ya Februari 2022, kwa mafungu ya milioni 65 kwa mwaka.

Sasa iweke Somalia ya 2002 hapo. Serikali ya mpito ambayo mamlaka yake hayakuvuka mitaa michache ya Mogadishu. Makombora yanapita. Ilijua? Iliweza? Wanaosema Somalia itulipe, jibuni kwanza hayo. Yemen ilikuwa na serikali, ni kweli, lakini silaha kutoka kwenye soko la nchi si ushahidi kwamba nchi iliziuza. Kwa nilivyoisoma sheria hii, Kikambala haina nchi ya kigeni ya kuibebesha, na nasema hivyo nikijua kuna watu hapa hawatanipenda.

Chuma_Likoni

Kwa hivyo 2011 tulipoingia Somalia tulivunja sheria? Watalii walitekwa Kiwayu na Manda, hoteli za Lamu zikafungwa, vijana wakakaa bila kazi. Tungengoja nini?

Wakili_Tononoka

Sijasema hivyo. Kenya iliingia Oktoba 2011 na ikaliandikia Baraza la Usalama. Ilikuwa na hoja mbili mfukoni. Moja ni kujihami chini ya kifungu cha 51 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya kundi ambalo nchi mwenyeji hailiwezi. Marekani ilisema kitu cha namna hiyo Agosti 1998 ilipopiga kiwanda cha dawa cha Al-Shifa, Khartoum, na tena Afghanistan 2001. Nchi nyingi huitumia siku hizi, wanasheria bado wanapigana juu yake, na kesi ya Kongo haiipi nguvu.

Hoja ya pili ni ridhaa. Serikali ya mpito ya Somalia ikikukaribisha, huhitaji hoja ya kwanza. Tatizo ni kwamba Rais Sheikh Sharif alilalamika hadharani wiki ya pili, halafu waziri mkuu wake akaja Nairobi wakaafikiana mwisho wa mwezi. Ridhaa ya kuja baadaye si safi sana. Mwaka 2012 wanajeshi wetu wakaingizwa AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika huko Somalia, kwa baraka za Baraza la Usalama, na ubishi huo ukapoa.

BintiMtwapa

Naona tumezunguka. Sudan je? Kama vipimo ni vikali hivyo, ilishindwaje?

Wakili_Tononoka

Kwa sababu haikushtakiwa kwa vipimo hivyo, dada. Na hapa ndipo roho huniuma.

Tarehe 7 Agosti 1998 walikufa watu 224, wa Nairobi 213 na wa Dar es Salaam 11. Wamarekani walikuwa 12. Nairobi kulitangulia kishindo kidogo na milio ya risasi pale langoni. Watu wa majengo ya jirani wakakimbilia madirishani kuangalia, ndipo bomu likalipuka na vioo vikawaingia machoni. Jumba la Ufundi likaporomoka. Wengi wa waliokufa hawakuwa wafanyakazi wa ubalozi, walikuwa makarani, wanafunzi, wapita njia, abiria wa matatu.

Kwa kawaida nchi haishtakiwi katika mahakama ya nchi nyingine. Ni kinga. The Hague iliisisitiza 2012 katika kesi ya Ujerumani na Italia, tena juu ya unyama wa vita vya Hitler. Marekani ilijitungia mwanya mwaka 1996: nchi ambayo serikali yake imeitia kwenye orodha ya wafadhili wa ugaidi inaweza kushtakiwa Washington. Sudan ilikuwa kwenye orodha tangu 1993. Ilimpa Osama bin Laden makao kuanzia 1991 hadi 1996. Jaji wa Washington akaona kwamba Sudan na Iran ziliisaidia Al-Qaeda, na fidia ikafika zaidi ya dola bilioni 10. Karibu bilioni 4.3 kati yake ilikuwa ya kuadhibu, na Mei 2020 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaikubali. Mahakama haikuhitaji kuthibitisha kwamba Khartoum ilikuwa na udhibiti wa lile lori la bomu. Msaada ulitosha, kwa sababu sheria yao ya ndani ndivyo inavyosema.

Na nani alikuwa na haki ya kudai? Raia wa Marekani, askari wake, waajiriwa na makandarasi wa serikali yake, na familia zao. Mkenya karani wa ubalozi aliingia. Mkenya aliyekuwa akipiga taipu ghorofa ya tatu jengo la pili hakuingia. Sudan ilipochoka na vikwazo, ikalipa dola milioni 335, na Desemba 2020 ikatolewa kwenye orodha na kurudishiwa kinga. Hata ndani ya mfuko huo, Wakenya na Watanzania walipangiwa pungufu kuliko Wamarekani waliokaa ofisi zile zile.

Bomu moja, barabara moja, na aliyelipwa alijulikana kwa pasipoti au kwa hati ya mshahara.

Yakhe_wa_Kibokoni

Si nilisema.

Dereva_Magongo

Samahani wakubwa, mimi nina swali la pembeni. Kila siku mnasema nchi zinazofadhili ugaidi. Vijana wanaochukuliwa usiku hapa Mombasa na gari zisizo na namba, wasionekane tena, hiyo mnaiitaje? Au ugaidi ni wa watu wenye ndevu tu?

Wakili_Tononoka

Si swali la pembeni. Ulimwengu haujakubaliana juu ya maana ya ugaidi. Kuna kamati ya Umoja wa Mataifa tangu 1996 inayojaribu kuandika mkataba mmoja wa jumla, na mojawapo ya vikwazo vyake ni hicho hicho: je, majeshi ya serikali yamo? Lakini kwa wajibu wa nchi jina halina kazi kubwa. Afisa wa serikali akimpoteza mtu, hicho ni kifungu cha 4, hakuna cha kutafuta udhibiti. Kinavunja Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, na kinavunja katiba yetu.

Mfano ulio karibu zaidi: baada ya shambulio la chuo kikuu cha Garissa, Aprili 2015, serikali iliwatia Muhuri na Haki Africa kwenye orodha ya washukiwa katika Gazeti Rasmi na akaunti zao zikafungwa. Mashirika ya haki za binadamu, hao hao waliokuwa wakiandika habari za vijana unaowataja! Mahakama Kuu hapa Mombasa ikaamuru Novemba mwaka huo akaunti zifunguliwe. Azimio 1373 liliagiza kufunga pesa za magaidi, halikuagiza kufunga mdomo wa jirani.

KahawaChungu

Basi wa Kikambala waishtaki Kenya. Kama mimi na mpangaji wangu.

Wakili_Tononoka

Ami, huo ndio mlango ninaoupendelea, na ndio tusiopenda kuugonga. Nchi ina wajibu kwa watu wake pia: ikijua hatari fulani, mahali fulani, ichukue hatua. Aprili 2017 mahakama ya Ulaya ya haki za binadamu iliihukumu Urusi kwa ajili ya Beslan, ile shule iliyotekwa Septemba 2004 wakafa zaidi ya watu 330. Serikali ilikuwa na habari mapema kwamba shule za eneo lile zilikuwa zikilengwa, na haikuongeza ulinzi wa maana. Hakuna aliyesema Urusi ilituma watekaji.

Novemba 2002 Australia ilikuwa imewaonya raia wake juu ya Kenya, na Mombasa ikatajwa. Ofisi zetu za usalama zilikuwa na nini mezani wiki ile? Kesi yote ingekuwa hapo. Ugumu ni muda: madai ya kawaida ya madhara dhidi ya serikali yanafaa kufunguliwa ndani ya miezi 12, na katiba ya sasa ilikuja 2010. Ombi la kikatiba halina ukomo ulioandikwa, lakini jaji atakuuliza ulikuwa wapi miaka yote hii. Kwa mashambulizi ya baada ya 2010, Mpeketoni, Garissa, hoteli ya Dusit, njia ni nyeupe zaidi. Na Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2012 ina mfuko wa fidia kwa waathiriwa, umo mle, umeandikwa.

BintiMtwapa

Umeandikwa, ndiyo. Anayemjua mtu aliyelipwa kutoka mfuko huo aandike hapa chini.

Chuma_Likoni

Na serikali yetu kwenda The Hague kwa niaba yetu, kama Nicaragua? Dhidi ya Sudan, au yeyote atakayefuata?

Wakili_Tononoka

Mahakama ile husikiliza walioridhia. Kenya ilikuwa imekubali mamlaka yake tangu 1965, ikajitoa Septemba 2021, wiki chache kabla ya hukumu ya mpaka wa bahari na Somalia. Wengi hapa mlishangilia, nakumbuka uzi wenyewe. Asiyeshtakiwa kwa tamko lile hawezi kushtaki kwa tamko lile.

Umebaki mlango wa mkataba mmoja mmoja. Mkataba wa 1999 dhidi ya ufadhili wa ugaidi unaruhusu mzozo kufikishwa The Hague baada ya kujaribu usuluhishi. Ukraine iliupitia dhidi ya Urusi, na hukumu ya 31 Januari 2024 ni ya kusoma na kalamu mkononi. Mahakama ilisema mkataba haugusi nchi inayofadhili yenyewe, unagusa nchi isiyowazuia wafadhili, na ikasema silaha si "fedha" kwa maana ya mkataba. Kwa mkataba huo Ukraine ilibaki na ushindi mmoja mdogo: Urusi ilipewa habari za watu fulani ikakataa kuwachunguza.

Kwa hivyo serikali ikija ofisini kwangu kesho, haitakuja, ningeanza hapo hapo padogo. Tuliwaandikia nini wenzetu, lini, kuhusu mtu gani na akaunti gani, na walijibu nini. Kama faili hilo lipo Nairobi, kuna kesi.